Kigumba cha Kumposea Hidaya

Jumanne, 4 Machi 2014
Hidaya amekubali! Yaani, amekubali nionane na kaka yake. Haji, dereva huku ughaibuni, kule Umm Salal, anarudi kwao Tanga Jumamosi, na ndiye atakayenisemea kwa baba yao. Nikimboa, basi tena. Sasa mlinzi wa geti la hoteli kama mimi anajisifia nini? Hoteli yetu ya West Bay imeweka maonyesho ya vigumba vya mishale, vya mawe, kutoka Misri ya kale kabisa. Vyembamba, vimekatwa masikio mawili nyuma. Nitatengeneza kimoja, nimpe Haji. Kazi ya mikono yangu!

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma maelezo ukutani. Jiwe wakati mwingine lilipashwa moto, likapigwa lipasuke bapa, kisha kingo zikabonyezwa kwa ncha ya mfupa mpaka zibanduke magamba madogo. Rahisi. Nimeokota jiwe bustanini nikalitia ovenini. Limelipuka. Kuku wa Reuben, tunayelala naye chumba kimoja, alikuwa humo. Reuben kaniambia, "Buda, wewe huna akili." Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe jiwe lenyewe ni lile la kutoa cheche. Kamusi inaliita gumegume. Neno tamu! Haji husema sisi watu wa Mumias tunaua Kiswahili. Atakoma. Nimepata jiwe, nikabonyeza kwa mfupa wa mbuzi wa majbusi, ule wali wa nyama wa huku. Sikio moja limetokea. La pili limeingia kwenye kidole gumba.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Tumekutana mgahawani Al Thumama, baada ya sala. Haji kaniuliza mimi mwanaume wa namna gani. Nikainuka na bandeji yangu: "Kaka Haji, mimi ni mwanaume gumegume!" Mgahawa mzima ukageuka. Hidaya akajifunika mtandio. Haji kacheka hadi machozi, akasema hajawahi kuona mposaji anayekiri mapema. Kumbe kwao Tanzania gumegume ni mwanaume asiye na faida, wa kulishwa na mkewe. Nimelia msalani. Nampenda kweli yule msichana.

Jumamosi, 8 Machi
Haji ameondoka na kigumba changu cha sikio moja, lakini hakuahidi kunisemea. Sawa. Nimeomba namba ya baba mwenyewe. Safari hii kila neno nimelipima kwenye kamusi. Kubandua ngozi au ganda: kuchuna. Reuben anadai huko Tanzania ni kumkamua mtu pesa; wivu tu. Nimemwandikia: "Shikamoo baba. Mimi si gumegume. Mimi ni mchunaji hodari, na nikimpata Hidaya nitachuna mpaka uzee."
Hidaya anapiga simu mfululizo. Furaha hiyo!