Ombi la Kukamatwa kwa Mashine Inayovuja Oili

Kiwanda cha Vyuma,
Kalerwe, Kampala.
14 Mei 1975

Kwa Afande Kapteni Sulaimani, Meneja wetu,

Salamu nyingi, Afande, na pole kwa kazi ya kuongoza kiwanda ulichopewa Jumatatu ukakijua chote Jumanne.

Mimi ni Zéphyrin Bisimwa, fundi wa ile mashine kuukuu ya kukereza vyuma. Jumanne ya wiki jana uliona oili ikidondoka kwenye beringi zake, ukasema ni hujuma, na mwenzangu Obonyo, mtunzaji wa mashine hiyo, akapakiwa kwenye Landrova akapelekwa kambini. Leo ni siku ya nane. Naomba kwa heshima zote aachiliwe, akamatwe mhalifu halisi, yaani mashine. Mashtaka yangu ni haya:

1. Beringi zake ni za shaba, za kizamani. Oili unaitia kwenye kikombe cha juu, inalainisha shafti inayozunguka ndani yake, halafu inadondoka kwenye mkebe. Walioziunda waliziunda hivyo makusudi, tena bila kukuuliza, jambo ambalo hata mimi limenikera.

2. Haina adabu. Uliikemea mbele ya wafanyakazi wote, ikaendelea kudondosha tu. Obonyo alisimama wima kama ulivyotaka. Sasa mkaidi ni nani hapo?

3. Uliagiza kikombe kisijazwe tena. Tukatii. Beringi zikapata moto, zikafuka moshi, na shafti ikapiga mayowe. Mayowe mbele ya afisa, Afande! Raia angethubutu?

4. Nchi nzima inatafuta sukari kwa magendo, yenyewe inamwaga oili mchana kweupe.

5. Ni mgeni. Imekaa hapa miaka arobaini bila pasi, na wenyewe Wahindi walipofukuzwa nchini ikajifanya haikusikia. Ibebwe na askari kumi na wawili, maana ni nzito, ipelekwe kambini ikahojiwe. Isipokiri, itakuwa ya kwanza kutoka humo bila kukiri.

Alum, mke wa Obonyo, anakuja langoni kila asubuhi na bakuli la chakula, ananiuliza mimi. Mimi! Jamani, nimwambie nini? Namwambia uchunguzi unaendelea vizuri.

Nisalimie maafande wote, dereva wa Landrova, na yule askari anayelala juu ya meza yangu ya kazi.

Ni mimi, mtiifu kuliko mashine yangu,
Zéphyrin Bisimwa

Nyongeza: Afande, achana na mashine. Jumanne ile Obonyo hakugusa kikombe cha oili. Alikuwa Kyebando, akimpeleka mtoto zahanati. Nilikijaza mimi, na alipofika akapakiwa, nilinyamaza. Niliogopa. Hata sasa naogopa. Mwachie arudi kwa mkewe. Mimi nipo hapa kiwandani, nimeshavaa sweta ya baridi ya kambini.