Kifuniko cha Kalamu

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya kisukari. Muuguzi ametugawia dodoso la maswali kumi na sita, kupima jinsi kila mgonjwa anavyojitunza. Tujibu kweli, akasema, huu si mtihani. Si mtihani, na lina alama! Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minne. Mtihani naujua hata ukijificha. Je, unakagua miguu yako? Kila siku, nikajibu. (Sijainama tangu mwaka jana, kitambi hakiruhusu.) Nimepata alama zote. Jirani yangu seremala, niliyeketi naye benchi moja, kapata tano. Nikamwonea huruma kwa sauti.

Jumanne, 4 Machi
Kifuniko cha kalamu yangu ya wino hakionekani tangu jana. Ni seremala tu! Kijicho cha alama.

Ijumaa tupeleke daftari la vipimo vya sukari. Kujitoboa kidole kila asubuhi, mtu mzima? Nimelijaza lote leo, hadi Jumapili. Tarakimu nzuri, zinapanda na kushuka kidogo, kwa adabu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfuata seremala karakanani, nikamdai kifuniko changu mbele ya wateja. Nikamwita mwizi. Akacheka hadi randa ikamponyoka. Kisha akaniuliza mbona nachechemea. Nikamwambia apime mbao zake. Ati nachechemea!

Jioni mke wangu kauliza soksi ina doa gani. Nimesema wino.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Muuguzi alifungua daftari, akauliza kwa upole sukari ya Jumapili nimeipimaje, na leo ni Ijumaa. Benchi zima likageuka. Nikasema napenda kujiandaa mapema.

Akaniagiza nivue viatu. Nikakataa. Seremala akadakia: “Vua, Mwalimu, sisi wote tumevua!”

Kiatu cha kulia kikakung'utwa. Kikaanguka kifuniko cha kalamu.

Siku nne nimekikanyaga, nisihisi kitu! Chini ya kidole gumba, kidonda kama kifungo cha shati. Muuguzi akakisafisha, akasema ningechelewa wiki mbili tungezungumza habari ya kukata kidole. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Seremala aliinama, akaokota kifuniko, akakifuta kwa shati lake, akanipa. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeapa: miguu kila siku! Seremala kaniletea kioo chenye mpini mrefu, kazi ya mikono yake, nijitazame nyayo bila kuinama. Nimemwomba radhi. Nusu, nusu nyingine itafuata. Kioo nimekitundika sebuleni, juu ya redio. Kinapendeza.

Muuguzi alinipa daftari jipya, lenye safu ya miguu. Kalamu ina kifuniko, wino upo. Nimekwisha kuandika “nimekagua” hadi tarehe 31. Safari hii sikuwa mjinga: Jumapili mbili nimeziacha wazi, ionekane kweli.