Majoho Thelathini Bila Sindano

Daktari alisikia kilio cha fundi kabla hajaliona duka lake, na kilio cha mtu mwenye duka kilimpa hamu ya kula.

"Wiki ijayo?" mama mmoja alikuwa akifoka kwenye simu. "Mota imeungua leo, unaniambia wiki ijayo! Kwaya inaimba Jumamosi. Nisipokabidhi majoho Ijumaa, mwalimu anahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na sare za shule nzima zinamfuata!"

Ilikuwa Jumanne. Daktari alinyoosha koti lake jeupe, ambalo ndilo lililompa jina na shahada kwa mkupuo mmoja, akatua begi lake mlangoni. Ndani mlikuwa na chupa sitini za gundi ya karatasi, alizozinunua kwa bei ya kutupa kwenye duka la vifaa vya shule lililokuwa likifungwa. Lebo za zamani alizibandua. Zake zilisema: GUNDI YA NGUO. SAHAU SINDANO.

Kwa heshima ya sayansi, ni lazima isemwe kwamba aliijaribu kwanza. Alibandika kiraka kwenye suruali yake, akasubiri kikauke, akakipiga pasi, akailoweka suruali. Kiraka kilielea juu ya beseni kwa utulivu mkubwa. Hapo mtafiti wetu akachukua sindano na kushona sampuli kwa mkono, kwa ule mshono unaojificha ndani ya pindo usionekane hata kwa miwani. Ufundi huo aliupata katika taasisi moja ya bweni yenye ukuta mrefu, ambako wanafunzi huhesabiwa asubuhi na jioni, na hakuna anayekwenda likizo mpaka hakimu aridhike.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Cherehani."

Fundi yule aliitwa Mama Vipimo, kwa kuwa alikupima kwa macho kabla hujamaliza salamu. Aliipokea sampuli, akaligeuza pindo ndani nje.

"Hili limebandikwa tu?"

"Limebandikwa tu. Vuta."

Akavuta.

"Loweka, mama, usiogope. Haya, piga pasi sasa."

Pindo halikutikisika. Mama Vipimo akalisugua kwa kidole gumba, taratibu, kisha akamtazama Daktari kuanzia utosini mpaka viatuni, kama anayetaka kumkatia suti.

"Chupa bei gani?"

"Kwa mtu wa hadhi yako siuzi chupa, nauza uwakala. Unaweka amana leo, mtaa wote unanunua kwako. Na dukani kwako mapindo yanajimaliza yenyewe, bila kumlipa mtu wa kuyashona!"

"Bila kumlipa mtu wa kuyashona," alirudia Mama Vipimo, kama anayeonja asali. "Hilo nimelipenda. Lakini sampuli moja ni sampuli moja, mwanangu. Majoho haya hapa, thelathini, yamebaki mapindo tu. Yabandike. Mwalimu akiyapokea, tunazungumza uwakala."

"Majaribio kwetu ni bure!" alisema Daktari, mdomo ukiitangulia akili.

Akili ilipofika, mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umeshafungwa, naye yuko ndani na majoho thelathini. Alikuwa ameomba mwenyewe asiingie mtu, kwa sababu gundi ile ilikuwa siri ya kampuni.

Jumatano na Alhamisi, tangu duka lifunguliwe mpaka lifungwe, Daktari alishona. Joho la kwaya ni pana kama pazia, na pindo lake halina haraka ya kuisha.

"Aai!"

"Kuna nini humo, mwanangu?" aliuliza Mama Vipimo kupitia tundu la funguo.

"Gundi inakamata, mama!"

"Naisikia inakamata kila baada ya dakika tano."

"Huo ndio ubora wake!"

Alimletea chai na mkate, na kwenye sinia akasahau uzi mzima wa rangi ileile ya majoho. Daktari, ambaye uzi wake ulikuwa unakwisha, aliona ni bahati.

Ijumaa mwalimu wa kwaya alifika. Alivaa joho, akalivuta pindo, akageuka mara mbili mbele ya kioo.

"Kazi safi sana, mama. Na zile sare za shule ni zako."

Daktari alikohoa kwa adabu. "Sasa, mama, lile suala la amana."

"Nina swali dogo tu," alisema Mama Vipimo. "Gundi ikikauka hukakamaza nguo ikawa kama kadibodi. Mapindo haya ni laini kama sikio la mtoto, na lile la kwanza lilikuwa hivyohivyo. Basi chagua, mwanangu. Kama ulishona, sema hapa mbele ya mwalimu, nikulipe kila pindo bei kamili ya mkono, na kazi ipo, kiti chako kile pale dirishani. Kama ni gundi, majaribio ulisema ni bure, na uwakala siutaki."

"Hata mimi ningependa kujua," alisema mwalimu.

Daktari alivitazama vidole vyake kumi, vilivyotobolewa kama chujio. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ukweli ulikuwa unalipa, tena taslimu. Alifungua mdomo ili autoe. Lakini koo halikuwa na mazoezi.

"Ni gundi," alisema.

"Basi ahsante kwa majaribio, Daktari. Nenda salama."

Mitaa miwili mbele, mkanda wa begi lake ulikatika. Aliketi kwenye ngazi za duka la viatu, chupa zikiwa zimetapakaa miguuni, akachomoa sindano kwenye kola ya koti na kuanza kuushona. Dada mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akasoma lebo.

"Kaka, si una gundi ya nguo hapo? Mbona unahangaika na sindano?"

Daktari alikata uzi kwa meno.

"Hii ni ya kuuza, dada."