Kikao cha Makamanda Saba

Tunawatangazia wakaaji wote wa Kalemie kwamba hospitali yetu sasa iko tayari kwa janga lolote. Tumeunda Kamati ya Amri na Uratibu: makamanda saba, madaktari wote tulio nao, kila mmoja na gile, kizibao chenye cheo mgongoni. Kamanda Mkuu ni mkurugenzi wetu, Papa Valère. Mimi ni sekretere.

Siku ya nne, janga likatuheshimu. Boti iliyotoka Moba ilipinduliwa na upepo karibu na bandari. Watu ishirini na sita wakaletwa kwa pikipiki, wamelowa, wengine hawasemi. Makamanda waliitikia mara moja: waliingia ukumbini wakafunga mlango.

Ajenda ya kwanza: je, hili ni janga au ajali? Janga linaongozwa na Kamanda Mkuu, ajali ni ya Kamanda wa Pili, kwa hiyo mjadala ulikuwa mrefu.

Nje alibaki muuguzi mmoja, Mama Emérance. Alichukua kalamu, akawaandika watu namba mkononi: moja, atibiwe sasa, mbili, angoje kidogo, tatu, angoje sana. Nilipotumwa kumuuliza idadi rasmi, alikuwa anamkandamiza kifua binti aliyemeza maji, Sonia. Binti akakohoa, akatapika, akaanza kulia.

"Huyu anapumua," Emérance akasema bila kuinua kichwa. "Hiyo njo idadi niko nayo."

Nikaandika: mmoja.

Baada ya saa nzima Papa Valère akatoka kwenda kutangaza janga redioni. Sakafu ilikuwa imejaa maji. Aliteleza, na sote tukasikia mfupa wa mguu ukivunjika.

Emérance akamtazama, akamwandika tatu.

"Mama, mimi njo Kamanda Mukuu."

"Unaongea, Papa. Unapumua muzuri. Utangoja."

"Basi uniitie munganga."

"Wanganga wote wako mu kikao."

Hapo ilinibidi kumkumbusha Papa Valère, kwa unyenyekevu, kwamba kwa mujibu wa kanuni kikao hakifungwi bila saini yake.

Mama Léonie, muuza samaki wa ndagala aliyelala pembeni yake amevunjika mkono, akageuka. "Kumbe ni wewe ulifungia wanganga?"

Papa Valère aliniomba kalamu. Akiwa palepale sakafuni alisaini kufunga kikao, kisha, kwa tahadhari, akasaini kuvunja Kamati.

Madaktari sita walitoka mbio. Mmoja baada ya mwingine walimruka, kwa heshima zote, wakaenda kwa wenye namba moja.