Gitaa ya Kijani ya Mzee Omuse

Leo aibu imenipata mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa shati jeupe. Naandika nikiwa nyumbani, mlango nimeufunga kwa ndani, kwa sababu nataka mlisikie jambo hili kwangu kabla hamjalisikia kwa watu wa Amagoro. Wao wataongeza chumvi. Mimi nitawaambia lilivyokuwa, na lilivyokuwa linatosha.

Kwa wasionijua, naitwa Wandera, mtu wa Bukhayo, nauza vipuri vya pikipiki hapa Malaba. Siku za sherehe napiga gitaa. Gitaa yangu ni ya umeme, nyeusi, ya mtumba, na vyuma vyake vimeshika kutu. Ina nobu mbili, vile vitufe unavyozungusha kuongeza au kupunguza sauti. Moja ni yake. Nyingine niliing'oa kwenye redio iliyokufa. Inalia vizuri na sina ubaya nayo, lakini mtu anaweza kula ugali kila siku na bado akaota pilau.

Pilau yangu naijua hadi bizari. Miaka mingi iliyopita basi la bendi moja lilikwama hapa mpakani, wanamuziki wakingoja karatasi zao zigongwe mhuri. Mpiga gitaa wao akakaa kwenye ngazi ya basi, akapakata gitaa yake akicharaza pole pole, bila spika. Ilikuwa ya kijani. Si kijani cha nyasi, si kijani cha chupa. Kijani cha pera linalokaribia kuiva, kile ambacho ukikitazama sana unaanza kuona manjano kwa mbali. Aliniona nimeganda hapo kama kigingi, akanipa.

"Shika. Haiumi," akasema.

Nikaishika. Nikazungusha nobu moja, ikazunguka taratibu, bila kukwaruza, kama kitu kilichotiwa mafuta. Kisha karatasi zikatoka, basi likavuka kwenda Uganda, na mimi nikabaki na harufu ya kamba za chuma kwenye vidole.

Tangu siku hiyo sijapenda rangi nyingine. Nikioneshwa gitaa nyekundu inayong'aa, nasema ni nzuri kwa mwingine. Vyuma vya dhahabu sivitaki, jasho huvila vikabaki na mabaka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nataka vyuma vya rangi ya kijiko cha zamani, vyeupe vilivyofifia. Bamba la mbele liwe jeupe, lakini si jeupe la karatasi, jeupe la maziwa yaliyoanza kuganda. Shingo iwe ya rangi ya chai. Na nobu ziwe za rangi ya siagi, zenye mikunjo pembeni kama kifuniko cha soda, ili kidole chenye jasho kisiteleze. (Haya yote huwa nawaambia watu hata kama hawajauliza. Nimeona wengi wakikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni.)

Sasa, leo.

Mama Emase wa Amagoro alinialika nipige kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mumewe, Mzee Omuse. Mzee aliendesha malori mpaka Kigali kwa miaka mingi, na kila anayemjua anajua kwamba hakuwahi kusafiri bila kaseti za magitaa. Kupiga hajui. Kusikiliza ndiyo kazi yake.

Nilifika mapema nifunge vyombo. Wanawake walikuwa jikoni, mzee alikuwa ametolewa nyumbani kwa hila fulani ili asione maandalizi. Nilipokuwa nahangaika na nyaya hapo uani, Mama Emase akapita na sufuria kubwa.

"Wandera, ukiingia ndani kutafuta stima, uwe mwangalifu," akaniambia. "Gitaa ya mzee iko kwa meza. Imefika asubuhi. Mtu asiiguse mpaka yeye mwenyewe aje."

"Mzee amenunuliwa gitaa, mama?"

"Si unajua vile anapenda? Nimeibeba kwa mapaja kutoka kule juu, kama mtoto mchanga. Na nimefunga mapazia. Haitaki jua."

Nikatikisa kichwa kama mtaalamu. "Ni kweli. Jua huharibu rangi."

"Linaharibu kabisa," akasema, akaenda zake.

Hapo hakuna aliyedanganya mwenzake. Nawaomba mlikumbuke hilo mkianza kunihukumu.

Nikaingia ndani na waya wangu. Sebule ilikuwa na giza la mapazia. Juu ya meza ndefu, chini ya karatasi ya nailoni, ilikuwa imelala.

Kijani. Cha pera.

Moyo wangu ulifanya kitu ambacho sijaufundisha. Nikasogea. Vyuma vyeupe vilivyofifia. Bamba la maziwa yanayoganda. Shingo ya chai. Nobu za rangi ya siagi, na hata kwenye giza lile niliona mikunjo yake. Nilisimama hapo sijui kwa muda gani. Sikumwonea mzee wivu, afadhali ningemwonea wivu. Nilihisi kama mtu aliyemwona msichana aliyempoteza ujanani, yuko kwenye harusi, na harusi ni yake, na bwana arusi ni mtu mwema.

Nikatoka nje. Nikafunga waya mmoja. Nikarudi ndani.

Nilijiambia kwamba mzee hajui kukaza nyuzi. Akipewa zawadi mbele ya watu, mtu atamwambia apige kidogo, na ikilia vibaya ataaibika. Ni vizuri mtu anayejua aikaze kwanza. (Nimekuwa mtu mzima kwa muda mrefu, najua kujidanganya kwa ufasaha.) Nikafunua nailoni.

Ikapanda harufu tamu. Nikajiambia vanishi za siku hizi wanazitengeneza vizuri sana.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi leo niliita kengeza kitu kisicho na jicho kabisa. Nyuzi zilikuwa zimelegea, lakini gitaa mpya huja hivyo. Niliweka kidole kwenye nobu ya kwanza, kwa heshima, nikaizungusha.

Ikatoka.

Nikaitazama kwenye kiganja changu. Nikawaza kwamba haikukazwa vizuri walikoitengeneza. Nikairudisha mahali pake na kuisukuma kidogo, na kidole changu kikaingia ndani ya gitaa, polepole, mpaka nusu.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angeelewa. Mimi niliwaza: mchwa.

Kweli kabisa. Niliwaza kwamba Mama Emase ameuziwa gitaa iliyoliwa na mchwa kwa ndani, rangi nzuri juu ili kuficha, na uchungu ulionipata ulikuwa wa kweli. Gitaa niliyoingoja maisha yangu yote, na wadudu wametangulia. Nikataka kuona nyuma, nijue uharibifu umefika wapi. Nikashika shingo, nikainua.

Shingo ilikuja. Mwili ulikuja nusu. Nusu hiyo ilikaa hewani kidogo kama inayofikiria, kisha ikashuka kifuani kwangu, ikateleza juu ya shati, na kutua kwenye kiatu.

Wakati huo huo vigelegele vikalia mlangoni. Mzee alikuwa amerudi mapema. Mapazia yakafunguliwa, na watu wote wakaingia wakiimba, Mama Emase mbele amemshika mumewe mkono. Wakanikuta nimesimama katikati ya sebule na shingo ya gitaa mkononi, kijani kutoka kifuani mpaka kwenye soksi.

Wimbo ukakatika sauti moja moja.

"Wandera," akasema Mama Emase, kwa upole uliotisha.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba: "Pole sana, mama. Gitaa hii ilikuwa na mchwa."

Kisha Mzee Omuse akanyoosha mkono, akachukua kipande kifuani kwangu, akakionja.

"Mchwa wa vanila," akasema.

Sijawahi kusikia nyumba ikicheka namna ile. Kuna mama mmoja alikaa sakafuni. Mimi nilikuwa nimeanza kuelewa kwa awamu: harufu, ulaini, mapaja, jua. Keki. Shingo ilikuwa ubao uliofunikwa sukari, nyuzi zilikuwa uzi wa kuvulia samaki, na sehemu iliyobaki yote, tangu mwanzo, ilikuwa keki.

Kisha nikamwona Nekesa nyuma ya watu, kisu cha kukatia kikiwa mkononi. Nekesa huimba nasi kwenye kwaya ya kanisa, sauti ya pili, na huoka keki nyumbani kwake kule kule Amagoro. Yeye hakuwa anacheka. Nikajua keki ni yake.

Nikamsogelea, vipande vya keki vikinidondoka. "Dada, nisamehe. Nilidhani ni ya kweli."

"Ulidhani ni ya kweli," akarudia, kama anayepima maneno hayo.

"Ilikuwa ile yenyewe. Rangi. Nobu. Mpaka vyuma. Uliipata wapi?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza njia ya kwenda kwake mwenyewe. "Si wewe uliniambia?"

"Mimi?"

"Kila tukimaliza mazoezi. Wenzetu wanatafuta viatu, wewe unaongea juu ya pera na kijiko na kifuniko cha soda." Akafuta kisu kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi. "Mimi nilikuwa nasikia. Mama Emase aliponiambia anataka keki ya gitaa, sikujua nyingine. Ile nobu nimerudia mara nyingi, rangi inakataa. Na nilijua leo utakuwa hapa. Nilitaka uione."

Miaka yote hiyo nilidhani naongea na ukuta.

Mzee Omuse ndiye aliyetuokoa. Alisema keki imeshapigwa, sasa iliwe, na aliyeipiga apewe kwanza. Nekesa akanikatia kipande cha mwili, akaweka juu yake nobu ile ya pili iliyosalimika. Nilikula yote, kijani na siagi, watu wakinitazama. Ilikuwa tamu.

Baadaye nilipiga gitaa yangu nyeusi, vidole vikinata kwenye nyuzi. Mzee alifumba macho akatikisa kichwa, mkono mmoja kama umeshika usukani. Nekesa alisimama karibu na mlango na sahani tupu, hakwenda kuiosha mpaka nilipomaliza.

Nilipokuwa nafungasha alikuja akanipa kitambaa chenye maji.

"Ile ya mbao ukiipata," akasema, "utanionyesha?"

"Utakuwa wa kwanza."

"Basi uibonyeze kwanza," akasema, na hapo ndipo alipocheka, kwa muda mrefu, akiwa ameshika fremu ya mlango.

Kwa hivyo, wenzangu, najua baadhi yenu mlikuwa pale na simu zenu juu. Picha za mtu aliyesimama na shingo ya keki mkononi, nawasihi mzifute. Ila kama kuna aliyeipiga gitaa picha ikiwa bado nzima, anitumie hiyo moja tu.