Mgeni wa Himalaya Aliyenifikisha Nisikotakiwa

Leo aibu imenipata mchana kweupe, na naiandika mwenyewe kabla binamu yangu Ouma hajaisambaza kwa maneno yake.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Natembeza wageni. Mtu akishuka Kisumu akitaka kuona ziwa, viboko, soko la Kibuye au mawe ya Kit Mikayi, mimi ndiye napigiwa simu. Kikazi naitwa Captain. (Sina mashua. Sijawahi kuwa na mashua. Kuogelea pia sijui.)

Mnajua vilevile kwamba Jumamosi hii ninakwenda kwa kina Atieno kujitambulisha rasmi. Kwa wasiojua mila zetu, huendi kwa wakwe ukijipeleka kama mtu aliyetumwa chumvi. Unakwenda na watu wako, umevaa koti, na mbele yenu yuko jagam, yaani mshenga. Jagam wangu ni Ouma. Yeye ndiye anayelijua lango lao. Mimi nilijua tu kwamba ni huko juu upande wa Maseno. Wazazi wa Atieno sikuwahi kuwaona hata kwa picha, na wao hawakuwahi kuniona, kwa sababu baba yake alikataa. Alisema, "Mimi sichagui mkwe kwa simu kama mtu ananunua viatu."

Huyo mzee si wa mchezo. Alishamrudisha kijana aliyemtaka dada yake Atieno, kisa aliingia nyumbani na kofia kichwani. Uchumba ukafia hapo kwenye majani. Na mimi nampenda Atieno jamani. Nalisema wazi ili mjue nilichokuwa karibu kukipoteza leo.

Basi. Asubuhi nimewachukua wageni wawili hotelini Milimani. Mzee Norbu na mkewe, Mama Dolma. Wanatoka mji mmoja wa vilimani kule Himalaya, upande wa India. Mzee ana miaka kama sabini, mfupi, mkimya, na magoti ya mbuzi. Walitaka niwatembeze peke yao, siku nzima, na wakasema ziwa wameshaliona kutoka dirishani. Walitaka vilima.

Njiani niliwasimulia habari za Atieno na Jumamosi, na tulipofika Kisian nikamuuliza mzee alifanya kazi gani kabla ya kustaafu.

"Kama yako," akanijibu kwa Kiingereza (natafsiri). "Miaka thelathini nimewapitisha wageni kwenye miji ya vilimani."

Nilikuwa nampikia mpishi.

Nikaegesha gari kabla ya kufika Maseno, mahali ninapowapeleka wageni wote. Pana kilima pale, ukifika juu unaliona ziwa lote. Nikatoa sauti yangu ya Captain: "Hapa pana mwinuko mkali. Mkichoka, msione haya kuniambia." Mzee Norbu akakitazama kile kilima kama mtu anayetazama ngazi ya posta. Kisha akapanda. Mama Dolma akapanda. Mimi nikabaki nyuma nikijifanya napiga picha za maua.

Nusu ya njia mzee akarudi kunichukulia mkoba. Sikubisha. Kubisha kunataka pumzi.

Juu pale wakanipa maji yangu mwenyewe, halafu mzee akaanza kunisimulia miji yake. Nyumba zimening'inia mlimani, paa la huyu ndilo kizingiti cha yule. Barabara ni ngazi tupu. Wageni wanatoka mbali kuja kuuona mlima wenye theluji, na ukungu unaufunika wiki nzima.

"Sasa unawaonyesha nini?" nikamuuliza.

"Jikoni. Mji wa vilimani unaonekana ukiwa jikoni kwa mtu. Wewe, mara ya mwisho uliingiza mgeni nyumbani kwa mtu lini?"

"Kila wiki," nikasema. (Sijawahi.)

Uongo huo ndio ulionitia kiherehere. Wakati wa kushuka nikataka kumwonyesha kwamba hata sisi wa ziwani tuna miguu. Nikaongoza kwa upande wa pili wa kilima, nisikokujua. Tukafika kwenye kijito kikavu. Wao wakakizunguka taratibu. Mimi nikaruka.

Nikatua kwa makalio, nikateleza mpaka chini. Suruali ikapasuka kuanzia mshipi hadi karibu na goti. Mama Dolma akageuka upande akaanza kusoma majina ya ndege kwenye kitabu chake, mwanamke mwenye heshima kabisa.

"Yawa! Umeumia?"

Sauti ilitoka kwenye nyumba iliyokuwa hapo hapo chini. Mama mmoja mnene, amejifunga leso, ameshika ungo. Alikuwa ameona sinema yote.

"Sijaumia, Mama!" nikajibu, nimejiziba kwa mkoba.

"Ingieni mkunywe chai! Hao wageni wametembea!"

Nikaanza kumshukuru na kusema tuna haraka. Mzee Norbu akanishika bega. "Kwetu ukikataa chai ya mtu wa mlimani umemtukana," akasema, na tayari alikuwa anafungua lango. Mgeni ndiye mwenye siku yake. Nikafuata.

Yule mama alikuwa na moyo, siwezi kusema vingine. Hakuniuliza hata jina; alisikia wageni wakiniita Captain, ikamtosha. Aliingia ndani akatoka na suruali ya kijivu, kitambaa kizito, imenyooshwa mikunjo mikali.

"Vaa hii, ni ya mzee wangu. Ameenda soko ya Luanda, hata hatajua."

Nikajisitiri kwenye bafu la nje. Kiuno cha hiyo suruali kingetutosha mimi na Ouma pamoja, na mshipi wangu ulikuwa umekatika kule kijitoni. Nikaikunja kiunoni, nikaishika kwa mkono mmoja, nikatoka nikitabasamu. Viti vilikuwa vimepangwa verandani. Nikachagua chenye mto.

Chai ikaja, ya maziwa. Vikaja viazi vitamu. Ikaja nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyokaangwa kwa vitunguu, na hapo nikasahau kazi. Nilikula sahani ya kwanza, ya pili, nikaanza ya tatu. Mzee Norbu alikuwa anamuuliza maswali kuhusu kuni na maji ya mvua, nami natafsiri mdomo umejaa.

"Huyu kijana anakula vizuri," yule mama akasema. "Bibi yako anakupikiaga?"

"Bado sijaoa, Mama. Jumamosi ndio naenda kwao kujitambulisha."

"Wacha! Hata mimi Jumamosi niko na wageni. Si unaona tumepaka ukuta rangi?"

"Basi Mungu atubariki sote," nikasema. (Nisomeni tena hapo. Mtu mzima, na akili zangu.)

"Unaogopa?"

"Sana. Baba ni mkali, na nasikia mama ndio kabisa. Msichana ameniambia mamake akinuna hata kuku hawatagi."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Aki kuna wamama wako hivyo. Mimi sina hiyo maneno. Sasa sikia nikushauri. Ukifika kwao, macho chini. Usiongee mingi. Na usikule sana, watasema umekuja kumaliza boma."

"Asante, Mama," nikasema, nikachota kijiko kingine.

Simu yake ikalia mezani. Simu ya kuonana.

"Ni msichana yangu, yeye hupiga kila saa ya lunch. Hebu aone wageni!" Akaielekeza kwa Mzee Norbu, ambaye alipunga mkono. "Ona! Wametoka milima ya mbali, ile ya barafu! Na huyu ndiye Captain wao, hebu simama usalimie."

Nikasimama. Nimeshika suruali kwa mkono wa kushoto, kijiko kwa wa kulia.

Halafu sauti ninayoijua kuliko sauti ya mama yangu ikasema: "Odhiambo?"

Nyoyo ilikuwa imenikwama kooni.

"Mama, mbona Odhiambo amevaa suruali ya Baba?"

Yule mama akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akaitazama sahani. Nikaona jina langu likimwingia kichwani polepole. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai hivi. Hawatazamani, hawali pamoja, hawachekeani. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia kuhusu kuku.

"Uwi!" akapiga kelele, akajifunika leso kichwa kizima, akakimbilia ndani akigonga mlango kwa bega. Simu ikabaki mezani, Atieno ndani yake akiita, "Mama? Mama?" Mama Dolma alidhani ni mila ya kuagana, naye akajifunika skafu.

Nikaamua kukimbia. Sikujua wageni nitawaacha na nani, nilijua tu nakimbia. Nikageuka, na langoni alikuwa ameingia mzee mrefu, mpana, na mfuko wa sukari mkononi.

Macho yake yalianza kwa viatu vyangu, yakapanda hadi kwenye suruali, yakabaki hapo. Halafu akaja mbele yangu akanyoosha mkono wa salamu.

Sasa fikirieni shida yangu. Mzee wa namna hii humpi mkono mmoja kama mwenzako wa shule. Wa kulia unatoa, wa kushoto unaushikia. Na wa kushoto ndio uliokuwa umeshikilia suruali. Nikiiacha, inashuka. Nisipoiacha, ni dharau, na dharau mnajua iliisha vipi kwa yule wa kofia.

Nikachagua heshima.

Ilishuka yote. Haikusita hata magotini. (Ndani nilikuwa na bukta safi. Ndicho kitu pekee nilichokipanga vizuri leo.) Na mzee alikuwa bado ameshika mkono wangu, hauachii, nami siwezi kuinama!

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Ni Odhiambo, Baba," ikajibu simu mezani, kwa sauti ndogo sana. "Ule wa Jumamosi."

Nilifumba macho. Kweli, niliona kila kitu kinaondoka. Nilimwona Atieno akiolewa na mtu mwenye mshipi.

Ndipo Mzee Norbu aliposimama. Hakuwa ameelewa neno hata moja, ila miaka thelathini ya kutembeza watu imemfundisha uso wa mtu aliyepotea njia. "Huyu ni baba wa msichana?" akaninong'oneza. Nikaitikia kwa kichwa. Akainama, akaipandisha suruali, akanipa kiuno cha suruali nishike mwenyewe. Kisha akatoa mkobani mwake kitambaa cheupe, kirefu, laini, akamvisha baba yake Atieno shingoni kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Akazungumza kwa Kiingereza, na bahati yangu baba mkwe ni mwalimu mstaafu.

"Kwetu tunamheshimu mwenye nyumba hivi," akasema. "Kijana huyu hakujileta kwako. Nilifungua lango mimi, yeye alitaka kupita. Makosa ya njiani ni ya anayeongoza msafara. Leo kiongozi nilikuwa mimi."

Baba mkwe akakigusa kile kitambaa. Akaupapasa ukingo wake. Akakaa kwenye kiti chenye mto, ambacho sasa najua ni chake.

Hapo tukasikia kitu ndani ya nyumba. Kwanza nilidhani ni kilio. Kumbe mama anacheka. Anacheka mpaka anapiga ukuta, ule ukuta wenye rangi mpya. "Kuku!" anasema. "Eti kuku hawatagi!" Baba mkwe akajaribu kukunja uso, masharubu yakamsaliti.

"Sikiliza," akaniambia. "Mimi leo sijaona mtu. Nimeona wageni wawili wa mbali, na suruali yangu inatembea. Jumamosi saa nne nitaona mtu. Apitie langoni na watu wake, na hiyo suruali ije imefuliwa."

"Ndio, Baba."

"Na kijana, usiruke vijito."

Kumbe aliniona! Alikuwa njiani kule juu, ndio kwanza anakwenda sokoni.

Nilipofika kwenye gari niliegemea usukani, nikacheka na machozi yakanitoka pamoja. Mzee Norbu akanigonga bega. "Umeona?" akasema. "Jikoni." Nimewarudisha hotelini saa kumi, na amesema hajawahi kupata matembezi mazuri hivyo, hata kwao.

Atieno amenipigia sasa hivi. Alikuwa ameipokea ile simu kwenye ofisi ya walimu huko Nakuru anakofundisha, sauti juu, na shule nzima inajua. Alinuna dakika mbili. Halafu akasema mamake ameuliza kama nilishiba. Jamani, sijawahi kusikia swali tamu hivyo. Nimekaa hapa nyumbani kwangu Kaloleni, kichwa kimetulia, suruali ya kijivu iko kwenye kamba inakauka.

Naombeni msicheke. Au chekeni leo mmalize kabisa, kwa sababu wanane kati yenu mko kwenye msafara wa Jumamosi, na yule mzee akiona jino moja tu, narudi nyumbani bila mke.