Bi Kishindo na Hodi Tatu za Mzee Makame

Vijana mtakaosoma hapa, kwanza kaeni kitako. Halafu fumbeni vinywa. Leo nimeaibika, mchana kweupe, na wanja usoni, mbele ya watu wa Chwaka. Nnakuandikieni mwenyewe kabla mtaa haujakuleteeni habari yangu imeshaota mikia.

Mie skusoma sana. Darasa la nne nilitolewa nikalee wadogo zangu. Nikikosea herufi, nisahihisheni kimoyomoyo.

Leo ilikuwa siku ya posa ya mjukuu wangu Rahma. Wazee wa upande wa kijana, jina lake Idrisa, walikuwa waje kutoka Chwaka baada ya alasiri. Mwanangu Hamza, ambaye ndiye walii, msimamizi wa ndoa ya Rahma, alisema atafunga duka mapema awapokee. Nyumba nshaifukiza udi. Halwa ipo. Vikombe vya kahawa vimeoshwa mara mbili (mara ya kwanza aliviosha Saidi, nduguye Rahma, ndiyo maana). Na nikwambieni wazi: Rahma anamtaka Idrisa. Hakunambia, lakini tangu juzi ananiletea chai haina majani, maji matupu na sukari, na yeye mwenyewe haoni. Na wazee wa Idrisa wana sifa moja: ukiwavunjia heshima mara moja, hawageuki nyuma. Nyumba moja hapa Malindi iliwaweka barazani wakingoja, basi mpaka leo hawaamkiani.

Mmeelewa lililokuwa hatarini? Haya.

Adhuhuri ikapita. Rahma hakai wala hasimami. Akasema, "Bibi, naomba tucheze kidogo, moyo utulie."

Mchezo wenyewe huchezwa ukumbini kwangu kila Ijumaa. Hauna bao wala kete. Rahma ndiye msimulizi. Nduguye Saidi na jirani yetu Nasra wanajifanya mashujaa. Rahma anasema, "Mmefika kwenye ngome," wale wanasema watafanya nini, halafu linarushwa dado lina pande ishirini kujua kama wameweza au wameumia. Basi. Saa nne nzima watu wazima wanapigana na hewa. Mwanzo nilidhani wana homa.

Leo Rahma alikuwa na kazi. Kampata mwanamke muovu kwenye kitabu cha katuni, jibaba la mwanamke, ananyanyua lori kwa mkono mmoja. Anataka kumtia kwenye mchezo wao. Wakaanza kubishana.

"Nguvu zake nyingi mno," Saidi anasema. "Akitupiga mara moja tu tumekufa. Mpunguze."

"Nitampunguza nusu," Rahma anasema.

Mie nilikuwa kwenye kiti changu nachambua mchele. Nikauliza, "Kwa nini apunguzwe?"

Wote wakanigeukia.

"Kitabuni ananyanyua lori. Akija Unguja anyanyue baiskeli? Hewa ya huku ina nini?"

"Bibi, ni mchezo, lazima mashujaa waweze kushinda."

"Basi waongezeni akili hao mashujaa. Mwanamke wa watu muacheni na nguvu zake."

Nasra akacheka. Kosa lake hilo, maana niliweka sinia chini nikasogea mezani. Nikatazama picha. Astaghfirullah! Mwanamke mzima, miguu yote nje. Nikasema kwanza avishwe. Kanga mbili, moja ya kiunoni, moja ya begani. Pili, jina lake la Kizungu halitamkiki, aitwe Bi Kishindo. Tatu, hapa malori hayapiti vichochoroni, basi anyanyue mlango mzima wa misumari ya shaba autie kwapani kama mkeka.

Rahma anaandika mbio mbio.

"Na anataka nini?" nikauliza.

"Hataki kitu, Bibi. Muovu tu."

"Hakuna muovu tu. Hata yule anayemwaga maji ya samaki mlangoni kwangu ana sababu yake. Kamfungia nani humo ngomeni?"

"Binti wa mfalme. Mashujaa wanakuja kumchukua."

"Na binti mwenyewe kaulizwa kama anataka kuchukuliwa?"

Rahma akanitazama. Akakiri kwamba hajaulizwa. Nikamwambia aandike: Bi Kishindo kamfungia kwa sababu kila mtu anakuja kumchukua, na hakuna anayemuuliza.

Sasa kwenye mchezo huu, mwenye nguvu lazima awe na udhaifu. Nikamvuta Rahma sikio, nikamnong'oneza. Bi Kishindo upanga haumkati, moto haumchomi. Lakini kalelewa. Mtu akisimama mlangoni akapiga hodi kwa adabu, hawezi kumwacha nje. Ataitikia karibu, na mlango utafunguka wenyewe. Wale mashujaa na mapanga yao wasiambiwe, wavumbue.

Wallahi nilijipenda.

Ikabaki sauti. Rahma akajaribu kuwa Bi Kishindo. Nikamwambia, "Mwanangu, sauti hiyo ya muuza urojo anayeomba chenji." Nasra akasema, "Basi fanya wewe, Bibi!" Nikakataa. (Nilikataa kidogo.) Nikashtukia Nasra keshanichora nyusi kwa wanja, nene kama mijusi. Pazia jekundu begani. Mfuniko wa sufuria mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, mchi wa kutwangia. Na mie mwenyewe, kwa ulimi wangu huu, nikaamrisha mlango wa mbele ufungwe, eti ngome gani ina mlango wazi.

Mlango wangu mchana haufungwi. Tangu niolewe nyumba hii haufungwi. Leo nikaufunga.

Tukacheza. Saidi kanijia na shoka, dado likamwangusha. Nasra kanijia na mshale, nikamwambia mshale wako ntachokolea meno. Saidi karudi na kamba, nikamtupa nje ya ngome mpaka pwani. Akanuna, akaondoka kwenda uani kunywa maji.

Mara, nje ya mlango, sauti ya mwanamume, nzito, imefifia kwa unene wa mbao.

"Hodi!"

Nikamtazama Rahma. Nikajua kamtonya nduguye! Wizi mtupu! Saidi katoka mlango wa uani, kazunguka, anajifanya mzee ili nimfungulie. Nikampigia kelele Rahma, "Umemwambia!" Rahma anaapa hakusema, huku anacheka. Nikageukia mlango.

"Rudi ulikotoka!" nikanguruma. "Huyu msichana hatoki humu!"

Sauti ile ile ikarudi:

"Hodi wenyewe?"

"Wenyewe ni mie! Mmezoea kuchukua watoto wa watu kama mnachukua embe sokoni! Leo mmekutana na Bi Kishindo!"

Na mchi nikaupiga sakafuni. Du! Nasra yuko chini anagaragara, pumzi hana.

Halafu, pole pole kabisa:

"Hodi... jamani."

"Atakayeukanyaga msingi huu ntamtia kinuni! Ntamtwanga na kilemba chake!"

(Kilemba sijui nilikitoa wapi. Kilinijia tu.)

Basi. Hodi ya nne haikuja. Nikainua mchi juu nikasema, "Mmeona? Bi Kishindo hashindwi!"

Na hapo Saidi akaingia kutoka uani na bilauri ya maji mkononi.

Nikamtazama Saidi. Nikautazama mlango. Nikamtazama Saidi.

"Bibi," akasema, "mbona nimechungulia dirisha la kichochoroni nikaona wazee watatu wa majoho wanaondoka? Mmoja kavaa kilemba."

Rahma hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa chini taratibu, dado mkononi. Wale wazee walipata gari ya mapema kutoka Chwaka, kumbe. Na ninyi mnajua, hodi ni tatu. Mtu asipoitikiwa mara ya tatu anageuka na kwenda zake, bila kinyongo. Lakini hawa hawakunyamaziwa. Hawa walijibiwa!

Skufikiri. Nilifungua mlango nikatoka mbio.

Nilipofika kona ndipo nilipojiona. Pazia linapepea. Nyusi za wanja. Mfuniko. Mchi juu juu. Buibui liko msumarini nyumbani. Mbele yangu, kichochoroni, Mzee Makame, ami yake Idrisa na mkubwa wa msafara, na wenziwe wawili.

"Simameni!" nikapiga ukelele. "Mzee Makame, simama!"

Akageuka. Akaniona.

Jamani. Mzee Makame ana miaka yake, na mguu mmoja unamsumbua. Leo haukumsumbua. Alikusanya joho lake mpaka magotini akakimbia, wenziwe nyuma yake, kofia moja ikaruka, kubadhi moja la ngozi likamtoka Mzee Makame mguuni, likabaki njiani linanitazama. Nami nyuma. "Ni mchezo!" nasema. "Ni mchezo tu!" Kwa mchi mkononi nani ataamini? Wanywa kahawa pale kona wakasimama wote, kisha wakakaa wote. Watalii wawili wakanyanyua simu. Kiongozi wao, namjua yule, mtoto wa muongo, akawaambia eti hii ni desturi yetu ya kale ya kupokea posa.

Magoti yangu yakaniambia basi. Nikaokota kubadhi. Nikarudi nyumbani njia ile ile, pole pole, kichwa juu. Mmoja kwenye baraza ya kahawa akathubutu, "Bi Zuhura, vita vimekwisha?"

Nikamwambia, "Kwa leo. Na wewe nimekuona."

Nyumbani Rahma kakaa palepale. Nikaosha uso, wanja likakataa kutoka, likasambaa. Nikaufungua mlango wazi kabisa. Kubadhi nikalipangusa vumbi nikaliweka juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe. Nikakaa. Mzee Makame harudi Chwaka na kubadhi moja, nikasema moyoni. Na akirudi, skimbii. Aibu imeingilia mlangoni, itatokea hapo hapo mlangoni.

Alasiri ikaingia. Hamza akafika, akasimuliwa, akavuta kiti. Tukakaa.

Kisha, kutoka mbali sana, karibu na kona:

"Hodi!"

"Karibu!" nikaitikia. Nilisikia hatua zinarudi nyuma. Nikapunguza sauti. "Karibuni, Mzee Makame. Karibuni ndani."

Akatokeza kichwa. "Bi Zuhura, tumekuja bila silaha."

"Na yangu iko jikoni."

Rahma na Nasra wakajitia nyuma ya pazia la chumbani, wageni wakaingia. Skuomba radhi kwa kunong'ona, niliomba kwa sauti, wote wasikie: nimewakosea wageni, hodi tatu zimepita mlangoni kwangu, na kosa ni langu si la mtoto. Halafu nikawaeleza mchezo, dado, Bi Kishindo na mlango wake wa kwapani. Mzee Makame kanisikiliza, kubadhi lake kalipakata. Wale wawili wanamtazama yeye.

Akauliza, "Na huyo bibi hana dawa? Hashindiki?"

"Anashindika. Ukimpigia hodi kwa adabu, anafungua. Yeye angefungua. Asiyefungua ni mie."

Akafikiri. Ndevu zikaanza kumtikisika. "Mashujaa wako walijua?"

"Walikuja na mapanga."

"Basi sisi tumeshinda," akasema. "Tumepiga tatu."

Wenziwe wakacheka, Hamza akacheka, Nasra nyuma ya pazia akapiga chafya ya kuzuia kicheko. Mie skucheka. Nikasema, "Mmeshinda. Lakini Bi Kishindo ana neno moja. Binti aulizwe mwenyewe."

Mzee Makame akanambia taratibu kwamba kwa desturi kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake.

"Kimya chake nnakijua," nikasema. "Leo mchana kilinitisha kuliko mbio zako. Nataka neno."

Hamza akamuuliza. Tukangoja. Nyuma ya pazia sauti ya Rahma ikatoka, na hii haikuwa ya muuza urojo:

"Nimeridhia, Bibi. Na Ijumaa nacheza."

Mzee Makame akavaa kubadhi lake. "Tutamwambia Idrisa," akasema, "ajifunze kurusha hilo dado."

Kahawa ikanywewa. Halwa ikaisha. Wanja bado liko usoni kwangu nnavyoandika. Cheka unayetaka kucheka, lakini ukija kwangu kunicheka, piga hodi kwanza.

Wageni walipotoka nikawaita wa nyumbani wote, Hamza naye, nikawaamrisha: mlango huu mchana usifungwe tena. Ijumaa ya mchezo, mmoja wenu akae hapo kizingitini aitikie hodi. Mchi usitoke jikoni. Na atakayempunguza Bi Kishindo nguvu, hata alama moja, atautwanga mpunga wa harusi nzima peke yake.